Mchoyo wa Malaria

Achieng', wewe uliyebaki na benchi langu, uliniomba nikuandikie mambo machache ya kazi kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu, sijaanza kusahau. Lakini najua ulichotaka hasa. Ulitaka kujua kwa nini kuna mikebe miwili ya mafuta ya kupikia karibu na hadubini, mmoja una vizibo vya soda na mwingine mtupu. Ulitaka kujua kwa nini kiti ulichorithi kina mguu mmoja mfupi, na kwa nini watu wa soko la Gikomba wakikuona na koti jeupe wanakuuliza kama na wewe ni mchoyo. Nitakueleza. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikunibadilisha hata mkao. Niliingia maabara nikainama kwenye hadubini, nikatoka mgongo ukiwa bado umeinama.

Mimi ni mtoto wa Shauri Moyo. Baba alikuwa mtu wa reli kutoka upande wa Kakamega, na nilipopangwa kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani, mama alishukuru Mungu kwamba nitakuwa nikija kula mchana. Siku ya kwanza nilivaa koti lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Nikamkuta mkuu wa maabara, Mzee Njuguna, mtu mfupi kutoka Murang'a mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akipigana na mlango wa stoo.

Hakunisalimia. Aliugonga mlango kwa mgongo. Akageuka, akaugonga kwa bega. Akajibiringisha ukutani, akaugonga kwa makalio, akageuka tena, mpaka paji la uso wake likaelekea mlango sawasawa. Hapo akaubana kwa kichwa, akajisukuma ndani, akajifungia. Nikasikia sauti kutoka stoo: "Umeona?"

"Nimeona nini, mzee?"

"Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu! Chuo mlikuwa mnafundishwa nini, kusuka?"

Kulikuwa na mgonjwa aliyeleta mkojo kwenye chupa. Aliiweka chupa sakafuni polepole akaondoka, na hata majibu hakuja kuchukua.

Lakini mzee alikuwa sawa, na mpaka leo sijaona maelezo bora kuliko yale. Mbu akikuuma, vimelea vinakwenda kwanza kwenye ini, vinazaana humo kimyakimya wiki moja au zaidi, halafu vinamwagika kwenye damu. Kila kimoja kina upande wa kichwa, na zana zake zote za kuvunjia ziko huko. Kikiigusa chembe nyekundu kwa ubavu, hakina nguvu. Lazima kijigeuzegeuze mpaka kichwa kielekee ukuta wa chembe. Kikishashika, ukuta unabonyea kama donge la chapati chini ya kidole, kinazama, na tundu linajifunga nyuma yake. Yote hayachukui hata dakika moja. Mzee ilimchukua kama tatu, lakini mzee alikuwa na kitambi.

Kuhusu yale yanayotendeka ndani, somo letu lilikuwa jirani yake. Mzee aliishi Kayole, ghorofa ya nne, na alimchukia jirani wa ukutani kwa moyo wake wote. "Chembe nyekundu haina kiini," alikuwa akituambia, "yaani ni nyumba isiyo na mwenyewe. Sasa anaingia mpangaji kama huyu wangu. Kwanza anakula kila kitu kilicho ndani." Hapo alimaanisha ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa, kimelea kinaila, na masalio yake ni sumu hata kwa kimelea chenyewe, kwa hiyo kinayafungafunga kuwa chembechembe za kahawia na kuzirundika pembeni. "Halafu anatoboa kuta apitishe mabomba yake." Kimelea hufungua njia mpya kwenye ukuta wa chembe ili kivute chakula kutoka nje. "Halafu, Ngai, anaweka vyuma vyake nje ya dirisha bila kumwuliza mtu!" Hivyo ndivyo vinundu ambavyo kimelea huvichomoza juu ya chembe, vyenye kunata. Siku moja yule jirani alikuja kupimwa, mtu mpole sana, fundi wa saa. Nilijikuta namuuliza kama ni yeye anayekula kuta. Alisema hapana, akaniangalia vibaya.

Vinundu ndivyo nataka uvikumbuke, Achieng'. Mwilini kuna wengu, na kazi ya wengu ni kama ya askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji: chembe yoyote iliyozeeka au kukakamaa ikipita pale inakamatwa. Chembe yenye kimelea kilichokomaa huwa imekakamaa. Basi inafanya anavyofanya mchuuzi wa Gikomba akisikia kanjo wako barabarani. Haipiti. Inajishikiza kwa vile vinundu kwenye kuta za mishipa midogo, ndani kabisa, kwenye figo, kwenye ubongo, na kinachotembea barabarani ni vimelea vichanga tu, vinavyoonekana kwenye lenzi kama pete ndogo. Ndiyo maana unaweza kumtoboa mtu kidole, ukaangalia tone lake, usione kitu, na mtu anakufa mbele yako.

Kwa sababu hiyo mzee alikuwa na sheria moja. Lile duara unaloliona ukiweka jicho kwenye lenzi tuliliita kiwanja. Hakuna ruhusa ya kuandika "Hakuna" kabla ya kusoma viwanja mia mbili. Na kwa kuwa binadamu hudanganya akihesabu peke yake, mzee alikuwa na mikebe miwili na vizibo ishirini vya soda. Kila ukimaliza viwanja kumi, unatoa kizibo kimoja mkebe wa kushoto, unatia wa kulia. Wa kushoto ukibaki mtupu, andika. Wageni kutoka makao makuu walidhani tunacheza bao.

Mzee alistaafu akaniachia mikebe. Aliniambia, "Hivi vizibo havina akili, ndiyo maana nikaviamini."

Sasa, kazi ya kupima malaria Eastlands ina kituko chake. Nairobi ni baridi, iko juu, na mbu wetu wanauma bure tu. Malaria karibu yote tunayoiona hapa huja na basi kutoka magharibi, Januari watu wakirudi kutoka Krismasi, au baada ya matanga. Lakini ukiuliza mtaani, kila mtu ana malaria. Aliyekunywa jana ana malaria. Aliyegombana na landilodi ana malaria. Binti akiachwa na mchumba, inampanda malaria. Mimi nilikuwa naketi pale na vizibo vyangu, naandika Hakuna, Hakuna, Hakuna, na watu wanatoka wakiwa wamekasirika kama nimewatukana mama zao. Wakaniita Mama Hakuna. Wengine wakasema mimi ni mchoyo, kwamba malaria ninayo, imejaa kabatini, ila sitaki kugawa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kakliniki fulani, sasa kameshafungwa, ambako hakuna aliyewahi kutoka bila malaria. Mlinzi wetu, mtu wa uchunguzi, alipeleka kule damu ya kuku kwenye kichupa akasema ni ya mamake mgonjwa. Alirudi na karatasi iliyoandikwa malaria, plus mbili (ndivyo tunavyopima wingi wa vimelea), na ushauri kwamba mama apumzike na asipande ngazi. Kuku tulikuwa tumeshamla.

Katika watu wote waliotaka malaria, hakuna aliyeitaka kama Barasa.

Barasa alikuwa fundi wa vitanda Gikomba, mtu wa Busia, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa anakuja karibu kila mwezi. Akichoka, malaria. Mteja akimkemea kwa kitanda kilichochelewa, malaria. Anaketi, ananyoosha kidole mwenyewe kabla sijamwambia, anafumba macho. Nasoma, naandika. Naye anaisoma karatasi kwa uchungu.

"Dada," ananiambia, "mimi na wewe ni watu wa kwetu. Utaninyima hata plus moja?"

"Malaria si maharagwe, Barasa. Siwezi kukupimia kidogo."

"Plus moja tu. Nimwonyeshe yule mteja."

"Hakuna."

"Nusu?"

Mwaka mmoja alikuja na kiti. Kiti cha mbao cha kuzunguka, kizuri, alichokitengeneza mwenyewe kwa ajili yangu. Nikakikataa, maana zawadi kama hiyo ina deni ndani yake. Akakiacha kwenye chumba cha kungojea, akaenda. Wagonjwa wakakikalia majuma mawili, kikawa kinayumba, kumbe mguu mmoja ni mfupi. Mwishowe matroni akakisukuma maabara akisema kinamwangusha kila mtu. Hivyo nikawa namsomea Barasa damu yake nikiwa nimekalia hongo yake, na bado naandika Hakuna.

Nasema ukweli, nilimpenda yule mtu. Lakini mazoea yana taabu. Miaka ikapita, nikaanza kuijua damu ya Barasa, au nilidhani naijua. Viwanja mia mbili vikawa mia. Mia vikawa hamsini. Vizibo vitano, natia wa kulia, naandika. Sikuona ubaya. Kuna mtu anayeweza kumaliza ujana wake akitafuta malaria kwa Barasa?

Halafu Barasa akaokoka.

Ilikuwa Jumapili, kanisa letu pale Shauri Moyo, nami nilikuwepo, kiti cha nne kutoka mbele. Alisimama, akashika maikrofoni, akaungama. Hakuungama pombe wala wanawake. Aliungama malaria. Alisema amedanganya wateja, amemdanganya mke, amemsumbua dada yetu wa maabara, na kuanzia siku hiyo hatatamka tena kwamba ana malaria. "Hata ikinijia uso kwa uso," akasema, "nitaikana!" Kanisa zima likasema amina. Mimi nilisema amina kuliko wote, Mungu anisamehe.

Akakaa miezi bila kukanyaga maabara. Nikaanza hata kumkosa. Jumatatu moja, asubuhi, muda mfupi baada ya Pasaka, mlango ukafunguka na mkewe, Nanjala, mwanamke mnyamavu anayeuza mboga karibu na steji ya mabasi, akaingia akimvuta kwa mkono. Barasa alikuwa amevaa sweta mbili.

"Sijaja kusema nina malaria," akaanza kabla ya salamu. "Andika hapo, dada. Nimesema sina."

"Sasa umefuata nini?"

"Ni huyu amenileta. Mimi niko na homa ya kawaida. Ya kiroho."

Nanjala akasema, "Mpime tu."

Nikamtoboa. Safari hii hakunyoosha kidole mwenyewe. Nilikishika nikaona kina moto. Kwa kawaida ningekuwa pia na vile vipimo vya haraka vya kudondoshea tone ukasubiri mstari, lakini vilikuwa vimekwisha stoo wiki ile. Nikatia rangi kwenye kioo, nikasubiri, nikainama. Kiwanja baada ya kiwanja, safi. Vizibo vitano. Nikanyoosha mgongo, nikaandika.

"Hakuna, Barasa."

Ee, ungemwona! Aliruka. Mtu aliyelia kwa neno lile miaka yote, sasa alinishika mikono yote miwili. "Bwana asifiwe! Hata maabara imeshuhudia!" Akaichukua karatasi kama cheti cha ubatizo, akatoka akiimba. Nami nikacheka. Nilijiona mtu mwema.

Nanjala alisimama mlangoni kidogo. Akasema, kama anajisemesha, "Tangu turudi matanga Busia hajala kitu." Kisha akamfuata.

Nilianza kupangusa meza. Nikasogeza mkebe wa kushoto ili nipitishe kitambaa, na ukalia. Vizibo kumi na vitano, ndani yake. Matanga Busia. Sikuwa nimemwuliza hata ametoka wapi. Mgonjwa mwingine yeyote ningemwuliza, ni swali la kwanza kwenye fomu. Barasa nilikuwa nimeacha kumwuliza kitu miaka mingi.

Nikarudisha kioo chini ya lenzi. Kizibo cha sita, hakuna. Cha kumi, hakuna. Cha kumi na mbili, nikaona chembe nyeupe moja ya ulinzi, na tumboni mwake chembechembe za kahawia. Nikasogeza. Nyingine, na kahawia. Nyingine. Vimelea vyenyewe havikuonekana popote, lakini takataka yao ilikuwa kila mahali. Chembe nyeupe zilikuwa zimeiokota zikashiba. Ile takataka inatoka wapi kama hakuna anayekula? Kwenye kizibo cha kumi na nane nikaona pete moja changa, ndogo, imepotea njia. Moja tu. Vimelea vingine vyote vilikuwa vimeshikilia kuta huko ndani, na mimi nilijua huko ndani ni wapi.

Achieng', mimi si mtu wa kukimbia. Nilikimbia. Nilitoka na koti, glavu mkononi, nikapita mapokezi, nikavuka barabara bila kuangalia, nikaingia Gikomba kwa upande wa vitanda. Nikamwona mbele, kichwa chake juu ya watu, anayumba.

"Barasa! Simama! Una malaria!"

Soko lote likageuka. Barasa naye akageuka, akanitazama kwa macho mekundu, akanyoosha kidole. "Shindwa!" akasema. "Dada, usinijaribu! Nimeacha hayo mambo!" Na akaanza kukimbia.

Sasa ndipo nilipojua jina langu limefika wapi. Mwanamke mmoja mwenye rundo la sweta za mtumba akapiga kelele, "Woi! Mama Hakuna ameanza kugawa!" Jamaa wa mkokoteni akaniziba njia, "Mathe, nipee mimi hiyo! Mimi nimeomba tangu mwaka jana!" Mwingine akasema, "Acheni, anawapatia watu wa kwao tu." Mama mmoja aliyebeba kabichi alinifuata hatua kumi akinikumbusha kwamba alikuwa mjamzito nilipomnyima, na sasa huyo mtoto yuko darasa la nne. Nilikuwa namsukuma huyu, nampisha yule, nalia, napiga kelele "Una malaria! Haki ya Mungu, unayo!" na kadiri nilivyoapa ndivyo soko lilivyocheka. Watu walitoka vibandani kutazama mtu akiikimbia malaria ya bure.

Barasa akaangukia rundo la mashati. Alianguka taratibu, kama anayekaa. Nilipomfikia nikapiga magoti. Macho yalikuwa na manjano. Aliniangalia akaniita mama. Akaniuliza kama ng'ombe wamekamuliwa, kisha akaniomba nisimwambie baba kwamba amevunja nyundo. Nanjala alikuwa amefika, amekaa chini kwenye mashati, amemshika kichwa. Na bado kuna mtu nyuma yangu alikuwa anacheka.

Nikageuka nikawafokea. Sijui nilisema nini. Niliambiwa baadaye kwamba nilitumia maneno ya mzee Njuguna ya Kikikuyu. Kicheko kikakatika. Yule jamaa wa mkokoteni, yule aliyeomba yake, akamwaga magunia yake chini bila kuulizwa. Wakamlaza Barasa, yeye na mwenzake wakashika mbele, nasi tukasukuma. Gikomba haijawahi kufunguka njia namna ile. Njia nzima Barasa alikuwa ananong'ona, "Sina. Mwambieni mchungaji sina."

Daktari wa zamu aliniona nikiingia nikihema. "Ana malaria kali," nikamwambia. "Imeingia kichwani."

Akaniangalia. "Wewe ndiye unasema?"

"Mimi."

Hakuuliza tena. Alimchoma dawa kwenye mshipa pale pale, na gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa.

Siku mbili hakujijua. Nilikuwa naenda mchana, nakaa kwenye benchi la ukumbini na Nanjala. Siku ya pili sikuweza kunyamaza tena. Nikamwambia yote, sheria ya mzee, mikebe, vizibo. Nikamwambia nilipaswa kusoma mia mbili nikasoma hamsini, kwa sababu alikuwa Barasa.

Nanjala akauliza, "Hiyo mia mbili inachukua muda gani?"

"Dakika ishirini hivi. Ukienda polepole, nusu saa."

"Angengoja," akasema. "Angengoja hata mpaka jioni. Anavyokupenda wewe na hiyo mashine yako! Kuna kitu alichokuwa anafanya maisha yake yote isipokuwa kukungoja umwambie anayo?"

Mzee Njuguna alikuwa ameshazikwa, na nilishukuru kwamba hakuwepo kuona. Nilirudi maabara, nikafunga mlango, nikalia juu ya kiti cha Barasa, nacho kinayumba.

Siku ya tatu akafumbua macho. Nilikuwa pale. Akanitazama, akalamba midomo, na neno lake la kwanza duniani lilikuwa, "Dada, ilikuwa plus ngapi?"

Singeweza kumdanganya, si baada ya yote yale. "Kwa kweli plus haikufika hata moja, Barasa. Vilikuwa vimejificha. Niliona kimoja tu, na takataka yao."

"Takataka?"

"Kwenye chembe nyeupe."

Akageuka akautazama ukuta. Machozi yakamtoka. "Hata ya kweli," akasema, "umeninyima plus."

Alipopona likazuka jambo la kanisa. Wazee wa kanisa walikaa kikao kizima kujadili kama Barasa amevunja nadhiri, kwa kuwa malaria ilimjia na ikatibiwa. Mmoja alisema nadhiri ilikuwa ya kutamka, na hakutamka. Mwingine akasema alikubali dawa, na dawa ni kutamka kwa mshipa. Nikaona watalala hapo. Jumapili iliyofuata nikaomba maikrofoni. Mara yangu ya kwanza. Nikasema, "Ndugu zangu, mwacheni Barasa. Yeye kwa miaka alidanganya kwamba anayo, na haikumdhuru mtu. Siku aliyoumwa, aliyesema uongo ni mimi. Niliandika Hakuna kabla sijatazama." Kisha Barasa, kule nyuma, amekonda kama ufito, akasema amina kwa ile sauti yake ya kwaya, na wengine wakamfuata.

Alikaa miezi mitatu bila kuja. Wa nne, nikainua kichwa, yuko mlangoni.

"Dada. Sisemi ninayo. Mchungaji amesema kuuliza si kutamka. Nauliza tu."

Akanyoosha kidole mwenyewe, akafumba macho. Nikamwuliza alikotoka, alikolala, kama alikuwa na neti. Nikatia vizibo vyote ishirini mkebe wa kushoto, na nikavimaliza. Alingoja nje akipiga soga na mlinzi, wala hakuonekana kuwa na haraka. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, Barasa amekuja karibu kila mwezi, na hakuna siku nimemsomea kimoja pungufu ya mia mbili. Nimekisia, katika maisha yangu nimetazama damu ya yule mtu kuliko uso wa mume wangu.

Siku yangu ya mwisho mlinikatia keki, Achieng', nawe ulikuwa unanitafuta na kisu mkononi. Nilikuwa maabara. Barasa alikuwa amekuja amevaa koti la harusi, na kioo chake ndicho cha mwisho nilichosoma kazini. Macho yangu siku hizi yanatoa maji, na siku ile yalitoa zaidi, nikalazimika kurudia viwanja vingine mara mbili. Mlikuwa mmeanza kuimba kule nje. Nikasogeza kizibo cha ishirini, nikachukua kalamu, nikamwita.

Aliisoma karatasi, kisha akaniangalia juu ya karatasi.

"Hata leo, dada? Siku ya kuagana? Hata plus moja?"

"Hata leo, Barasa," nikamwambia. "Hakuna. Nimehesabu."